Nyumba ya mwalimu kwanza: shajara ya mradi wa kituo shikizi, milimani Kilolo, Iringa

Januari

Shule zimefunguliwa, na kituo chetu kimeanza mwaka 2025 kikiwa na watoto 63: awali 24, darasa la kwanza 21, darasa la pili 18. Tuna vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, matundu manne ya vyoo, mwalimu mmoja wa Serikali na binti mmoja wa kujitolea mwenye stashahada ya ualimu. Nayaandika haya mwanzoni ili kila anayechangia, awe Iringa mjini, Mafinga au Dar es Salaam, ajue tunaanzia wapi.

Kwa waliojiunga na kikundi juzijuzi: kituo shikizi si shule kamili. Ni tawi la shule mama, na shule mama yetu iko katikati ya kijiji, bondeni, ng'ambo ya mto. Mtu mzima mwenye miguu yake huteremka kwa saa moja na nusu. Mtoto wa miaka sita, asubuhi ya ukungu usiokuonesha hatua kumi mbele, hawezi kwenda kwa mwendo huo, na jioni inabidi aupande tena mlima ule ule akiwa na njaa.

Wengi huuliza kwa nini shule ilijengwa mbali na watoto. Ilipojengwa haikuwa mbali. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Wazee wetu wakateremshwa kutoka huku juu, wakapewa viwanja kando ya barabara, na shule ikajengwa hapo hapo. Baadaye ardhi ya bondeni ilichoka, familia zikaongezeka, na vijana wakaanza kurudi mmoja mmoja kwenye mahame ya babu zao, kwenye udongo unaokubali njegere, viazi na pareto. Watu walipanda, shule ikabaki chini. Ndiyo maana sikubali kabisa mzazi wa huku anapoambiwa hajali elimu. Anajali, ila amewekwa achague kati ya shamba linalomlisha mtoto na shule inayomfundisha.

Shida yenyewe huja darasa la tatu. Kituo kinaishia la pili, na anayevuka hutakiwa kuteremka shule mama. Kila Januari tunawapoteza: wavulana wanaingia kwenye kuchunga na kubeba mbao, wasichana wanachukuliwa kwenda mjini kufanya kazi za ndani. Hawa 18 wa darasa la pili walianza la kwanza Januari 2024, mwezi ule ule mtaala mpya ulipoanza kutumika. Januari 2026 watatakiwa kuingia la tatu. Kazi ya mradi huu ni moja: la tatu walisomee hapa hapa juu.

Kikao cha kamati kilikuwa kirefu na kilikuwa na moto. Tuna tanuri la matofali lililochomwa Oktoba iliyopita, limefunikwa nyasi na maturubai, na matofali yale yalichomwa kwa ajili ya chumba cha tatu cha darasa. Wengi walitaka mpango usiguswe. Darasa linaonekana, mgeni akija anaoneshwa, na hata wachangiaji wetu wa mbali wanapenda kutumiwa picha ya darasa. Mimi na mwenyekiti wa kitongoji tulisimama upande wa pili: matofali yajenge nyumba ya mwalimu.

Hoja yetu tuliitoa kwenye rejesta. Mwalimu wetu wa Serikali amepanga chumba kule kijijini. Mvua ikinyesha usiku, bodaboda inaishia njiani, anamalizia kwa miguu na kufika saa tatu. Saa saba lazima aanze kuteremka kabla ukungu haujafunga njia. Mvua ikizidi hafiki kabisa, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo vyumba viwili tulivyo navyo vinafanya kazi nusu siku. Mwalimu akilala hapa, vyumba hivyo hivyo vinabeba madarasa manne kwa zamu ya asubuhi na ya mchana. Mwalimu asipolala hapa, hata tukijenga vyumba vitano, vyote vitakuwa vimefungwa kufuli saa saba na nusu.

Mzee mmoja aliyefyatua matofali ya shule mama enzi za Elimu ya Msingi kwa Wote, mwaka 1977, alisikiliza mpaka mwisho ndipo akaomba nafasi. "Binti yetu," aliniambia, "sisi kule chini tulisimamisha madarasa kwa mkupuo mmoja. Mwalimu wa kwanza akalala kwangu, chumba kimoja na magunia. Akahama. Wa pili naye akahama. Mjengeeni mtu." Kura zikapigwa, nyumba ya mwalimu ikapita.

Februari

Ujenzi hauwezekani sasa. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, mrefu, na mpaka Mei gari la mchanga halipandi huku. Miezi hii tumeipa kazi nyingine, na ya kwanza ni kupita nyumba kwa nyumba kuandika kila mtoto wa umri wa shule. Mtoto asiyekuwa kwenye rejesta hana anayemtafuta.

Tumewapata 11 wasiosoma popote. Watano walisoma hapa, wakaishia mlangoni mwa darasa la tatu. Wawili wana ulemavu, mmoja wa miguu na mmoja wa kusikia. Wanne hawajawahi kuingia darasani.

Nyumba moja nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu iliibadilisha bajeti yetu. Bibi analea wajukuu watatu peke yake. Nyumba za namna hii ni nyingi Nyanda za Juu Kusini. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016-17, Njombe na Iringa ndiyo iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU nchini, kila mkoa ukizidi asilimia 11 ya watu wazima, na mzigo wa miaka ile umewaangukia mabibi. Tulibisha hodi.

"Kamwene bibi."

"Kamwene wanangu, karibuni motoni."

Tukakaa jikoni. Mjukuu wa kiume, miaka minane, alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, koti la mtu mzima limemfika magotini. Anachunga ng'ombe wa jirani. Ujira wake ni chupa ya maziwa kila jioni na debe la mahindi kila mwezi, na debe hilo ndilo ugali wa nyumba nzima. Mwenyekiti akaeleza, kwa upole, kwamba sheria inataka mtoto awe shuleni. Bibi hakubisha. Alisogeza kuni, akasema, "Sheria naijua, Mwenyekiti. Nipeni debe, niwape mtoto."

Sijasikia mtu akilieleza tatizo hili kwa ufupi zaidi ya hapo. Kamati ilikaa jioni ile ile. Jirani, ambaye naye ni mtu mwema, amekubali mtoto achunge baada ya masomo na chupa ya maziwa iendelee. Debe la mahindi litatoka kwenye mfuko wetu mpaka mavuno. Mtoto ameanza darasa la kwanza. Ni mkubwa kuliko wenzake na anaketi nyuma, na MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ungemfaa zaidi, ila kwa walimu wawili hatuwezi kuufungulia darasa lake.

Dada yake mkubwa, miaka 12, hayupo. Yuko mjini kwa watu, anaosha vyombo na kubeba mtoto wa mwenzie. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto afike miaka 14 ndipo aajiriwe, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumnyima masomo. Taarifa zake tumezifikisha kwa afisa ustawi wa jamii. Hatutalifunga jambo hili mpaka arudi.

Machi

Masika yamekolea. Kivuko cha magogo kwenye kijito cha chini kimechukuliwa na maji, na wanaume wamekiweka kingine ndani ya siku moja.

Nilikaa nyuma ya darasa la pili asubuhi nzima. Mvulana mmoja alisimama kusoma. Silabi anazipiga bila kukwama, na sentensi ubaoni, "Baba amebeba boga," aliisoma vizuri, sauti juu. Mwalimu wa kujitolea akamuuliza: baba amebeba nini? Kimya. Akamuuliza tena kwa Kihehe. Mtoto akacheka, akatanua mikono kuonesha ukubwa wa boga la kwao, akaanza kueleza limeota wapi na nani amekatazwa kulikanyaga. Ndipo mwalimu akamrudisha kwenye sentensi, neno kwa neno, mpaka akaijibu kwa Kiswahili.

Wanaopima KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wangempa mtoto yule alama nzuri ya kusoma, na kweli anasoma. Lakini anasoma sauti, maana inamjia kwa kuchelewa. Watoto wa huku wanalelewa kwa Kihehe. Kiswahili wanakutana nacho darasani, na mtaala mpya umewaletea na Kiingereza tangu darasa la kwanza. Hapo ndipo ninapoona thamani ya yule binti wa kujitolea, mzaliwa wa kitongoji. Mwalimu wa Serikali anatoka mkoa mwingine, ni mwalimu hodari wa hesabu, ila hawezi kumvusha mtoto hapo peke yake. Wamekubaliana: awali, asubuhi ianze kwa hadithi ya Kihehe inayosimuliwa na mmoja wa mabibi wa jirani, kisha hadithi ile ile isimuliwe na watoto wenyewe kwa Kiswahili, kwa picha na vitendo. Wiki ya kwanza watoto watatu tu ndio waliothubutu. Sasa wanagombania zamu.

Vitabu havitoshi, watoto watatu au wanne kwa kimoja. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake, bure, na mwalimu wetu ana kishikwambi, miongoni mwa vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha walimu wakagawiwa. Kilikuwa kinakaa kabatini kwa kukosa chaji, maana huku umeme haujafika. Mchango wa Machi umenunua paneli ya sola, betri na taa nne. Mwalimu anavipakua vitabu akienda mjini, anatufikishia vikiwa tayari.

Aprili

Mkutano wa wazazi kuhusu chakula. Walijaa, akina baba pia, jambo ambalo si la kawaida msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi.

Nilianza na hesabu, kwa sababu maneno mengi ya mitaani ni kwamba "Serikali imeshalipa kila kitu." Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu na 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Watoto wetu 63 walioanza Januari, hata ukiwahesabu wote na wa awali, ni shilingi 378,000 kwa mwaka mzima: chaki, karatasi, mitihani, ukarabati, michezo. Chakula hakimo. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uligawa wajibu: wazazi tumeachiwa sare, madaftari na chakula cha mchana, na hapo hapo ukakataza mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango.

Sehemu hiyo ya mwisho nilisoma mara mbili. Najua vituo ambako mtoto ambaye kwao hawajatoa mahindi hukaa pembeni akiwatazama wenzake wakila. Sitakubali jambo hilo litokee hapa, na mkutano umekubaliana nami kwa sauti moja.

Makubaliano: kila mtoto debe moja la mahindi baada ya mavuno na kisado kimoja cha maharage. Asiye na mahindi anatoa kuni au siku za kupika. Asiyeweza lolote anajulikana na watu wawili tu, mwenyekiti na mama mweka hazina, na jina lake halitamkwi mkutanoni. Bakuli zote ni za aina moja, tumezinunua sisi, ili mtoto asitofautishwe hata kwa chombo. Kwa sasa, mpaka mavuno, ni uji wa saa nne kutoka mfuko wa kikundi. Akina mama wamejenga jiko banifu la udongo kwa siku mbili, linakula kuni chache mno ukilinganisha na mafiga.

Uji umeanza wiki baada ya Pasaka. Mwalimu wa awali anasema watoto waliokuwa wakisinzia saa tano sasa wanaimba. Nimeangalia rejesta ya siku ya mnada, siku ambayo zamani nusu ya darasa hufuata wazazi sokoni: wengi wapo.

Mei

Mwezi wa mashamba. Njegere zinachumwa, kila mkono unahitajika, na mahudhurio yameshuka kidogo. Tumesogeza masomo yaanze saa moja na nusu ili watoto wa madarasa ya juu waruhusiwe mapema. Mvua imekatika mwishoni mwa mwezi. Mhandisi wa halmashauri amekuja, ametupimia kiwanja mita chache kutoka madarasani, akatuachia ramani ya nyumba ya vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, pamoja na makadirio ya vifaa.

Juni na Julai

Tumeunda kamati tatu kama utaratibu wa force akaunti, yaani kujenga wenyewe kwa mafundi wa mahali bila mkandarasi, unavyotaka: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Fedha ni zetu wenyewe na hakuna aliyetulazimisha, lakini utaratibu huu ni mzuri na ninaushauri kwa kila kikundi. Anayenunua si anayepokea, na anayepokea si anayejenga. Kamati ya mapokezi tumewapa akina mama watatu na kijana mmoja aliyewahi kuwa saidia fundi.

Msingi umechimbwa katika baridi kali. Asubuhi mbili sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imeunguza majani ya viazi mabondeni, na watu wakafika na majembe yao vile vile. Mawe yalisombwa na vijana, maji akina mama na wanafunzi wakubwa wa shule mama waliokuwa likizo. Fuso la saruji lilishindwa kona ya mwisho kabla ya kilele. Ikabidi mifuko ishushwe pale, na mlolongo wa watu ukapanda nayo, wengine kichwani, wengine kwa bodaboda mfuko mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba malipo. Mpishi wa uji alipika kande kwa ajili ya wote.

Mwisho wa Julai boma limefika linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Fundi mkuu ni wa hapa kijijini, ana mkataba wa maandishi na analipwa kwa hatua: msingi, linta, kupaua, umaliziaji. Kila malipo yanasainiwa na kamati ya ujenzi na kubandikwa ubao wa matangazo wa kitongoji, karatasi moja, namba kubwa. Wazee wasiosoma huwaita watoto wa darasa la pili wawasomee. Nimeshuhudia mtoto akimsomea babu yake idadi ya mifuko ya saruji, babu anamrudishia, mtoto anahakikisha tena kwa kidole. Sikuwa nimefikiria kwamba ubao ule ungekuwa pia somo la kuhesabu.

Agosti

Mbao zimetukwamisha.

Tuliagiza mbao za paini zilizotiwa dawa, za kenchi na za kupigilia bati. Muuzaji akapakia, gari likafika, rangi ya kijani inang'aa. Mama mmoja wa kamati ya mapokezi, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye mbao miaka mingi, aliomba panga. Akachagua ubao mmoja katikati ya mzigo, akaukwangua ubavuni: chini ya ile kijani, nyeupe kabisa. Akaukata kichwani, akautazama, nyeupe tena. Dawa ikiingizwa ipasavyo kwenye mtambo wa mgandamizo huzama ndani ya ubao. Hii ilikuwa imepakwa juu tu, kama rangi. Kwa unyevu wa huku, mchwa na ukungu wangeimaliza kenchi ile kabla mtoto wa awali wa leo hajafika darasa la sita.

Dereva alitaka ashushe "kwanza, mambo mengine mtaongea na tajiri." Akina mama wakakataa, kwa adabu na bila kupepesa macho. Mzigo umerudi ulikotoka. Kwa sababu malipo yalikuwa yamegawanywa na sehemu kubwa ilikuwa inasubiri saini ya mapokezi, muuzaji hakuwa na la kufanya ila kuleta mbao sahihi, na amezileta baada ya wiki mbili. Safari hii zimekatwa na kukaguliwa moja baada ya nyingine, na dawa imeingia.

Tumepoteza wiki mbili za kiangazi, na wachangiaji wawili wamelalamika kwamba tunachelewesha. Nawajibu hapa: paa litakaa juu ya familia ya mtu. Wiki mbili ni bei ndogo.

Wakati tukisubiri, vijana wamechimba shimo la choo na kufyeka nusu ekari ya shamba la shule. Mvua zikianza tutapanda mahindi, na pembezoni miche 30 ya parachichi aina ya Hass aliyotuahidi mkulima mmoja wa kijiji jirani. Miche hiyo huanza kuzaa vizuri baada ya kama miaka mitatu. Wakati huo mfuko wa chakula utakuwa na mapato yake.

Septemba

Nyumba imepauliwa kwa bati geji 28. Tungeweza kuokoa fedha kwa geji 30, nyembamba zaidi, ila upepo wa kileleni na mvua ya mawe tunavijua. Mifereji ya maji imefungwa, tenki la lita 5,000 limekaa. Lipu ya ndani imekamilika vyumba viwili na sebule, jiko bado. Sola imehamishiwa taa mbili nyumbani kwa mwalimu, mbili zimebaki darasani.

Mwalimu amehamia na mkewe na mtoto wao mdogo kabla umaliziaji haujaisha. Alisema hawezi kusubiri dari wakati watoto wanamsubiri. Wiki ya kwanza akina mama walipeleka magunia mawili ya viazi, kuku na kuni za mwezi mzima. Mzee wa tanuri la 1977 alikwenda na kigoda alichochonga mwenyewe.

Tofauti imeonekana mara moja. Masomo yanaanza saa moja na nusu kamili. Awali na darasa la kwanza wanasoma asubuhi. Darasa la pili asubuhi wana KKK kwenye chumba cha pili, na baada ya chakula wanarudi kwa saa moja na nusu ya mazoezi ya kusoma kwa ufahamu, jambo ambalo halikuwahi kuwezekana. Jioni, watoto wanne kati ya wale watano walioacha mlangoni mwa la tatu wanakuja kwa mwalimu kwa hiari yao, na taa ya sola inawaka mpaka saa mbili usiku. Wa tano, msichana, ameolewa. Ana miaka 16. Kitabu chake cha mahudhurio nimekiona, alikuwa hodari.

Mdhibiti ubora wa shule amepita. Ombi letu la kufungua darasa la tatu Januari amelipokea pamoja na Afisa Elimu Kata, na wote wawili wameliunga mkono kwa maandishi. Alihesabu vyoo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa idadi ya leo tunafika kwa shida, na mwakani tukifikia watoto 90 wasichana watapungukiwa. Kwa hiyo tundu la nyongeza la wasichana, lenye nafasi ya kujisitiri na maji, na tundu moja lenye kiti na mlango mpana kwa watoto wenye ulemavu, vimeingia kwenye orodha ya lazima. Yule mtoto wa ulemavu wa miguu analetwa sasa kila siku, mgongoni kwa kaka yake. Njia ya mteremko ya saruji mlangoni mwa darasa la awali imeshamwagwa.

Oktoba

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa mwaka 2026 umeanza. Tumeupeleka majumbani kwa kutumia daftari la sensa ya Februari, hatungoji wazazi waje.

Barua ya ruhusa imefika: kituo kitakuwa na darasa la tatu kuanzia Januari. Mwenyekiti aliisoma mkutanoni, watu wakapiga vigelegele, na mama mmoja, ambaye mwanawe mkubwa aliacha shule akiwa na miaka tisa, akalia mbele ya watu wote bila kujificha. Wote 18 wa darasa la pili wameandikwa kuendelea hapa.

Msichana wa miaka 12 aliyekuwa mjini amerudi kwa bibi yake, kwa msaada wa ofisi ya ustawi wa jamii. Kusoma anasoma, kuandika kumekwama. Anakaa na kundi la jioni kwa sasa, na mwalimu anamwandaa kuingia la tatu na wenzake wadogo. Alikubali mwenyewe. Aliuliza swali moja tu, kama atapewa sare.

Yanayobaki ni haya. Tunahitaji mwalimu wa pili wa Serikali. Barua imeshapelekwa kwa Mkurugenzi, na safari hii imeambatana na picha ya nyumba na ahadi ya kitongoji kwamba matofali ya nyumba ya pili yatafyatuliwa Juni. Mpaka apatikane, posho ya binti wa kujitolea iendelee kila mwezi bila kuchelewa; nawasihi wachangiaji, hii ndiyo shilingi yenye kazi kubwa kuliko zote tunazotoa. Lipu ya jiko, dari na rangi vitamaliziwa kabla ya mvua kushika kasi. Vyoo vimefika usawa wa jamvi. Seremala wa kijijini ameanza madawati ya darasa la tatu. Amelipwa nusu, na nusu nyingine atapewa akiyakabidhi mwishoni mwa Novemba, baada ya akina mama wa mapokezi kuyakagua.